Aliyeitika Jina Langu

Asubuhi ile niliisikia filimbi ya klabu ya watoto kabla sijamwona mtu, maana ukungu ulikuwa umefunika shamba lote la kahawa.

Leo nampaka binti yangu mafuta ya mgando. Fomu ya kumwandikisha klabu iko mezani, sijaijaza, na harufu ya mafuta imenirudisha kwenye chumba chetu cha kambi ya vibarua, nje kidogo ya Karatu.

Mama alikuwa ameniandikisha mimi klabuni, na baada yangu nafasi zilikuwa zimeshajaa. Wiki nzima nilijizoeza kuitika jina langu likiitwa. Asubuhi hiyo nikasogea nipakwe mafuta. Mama akampaka mdogo wangu, kisha akamvika sweta langu.

“Mwalimu akiita jina la dada yako, itika wewe.”

“Na mimi, mama?”

“Wewe unachuma kahawa, unajaza madebe mawili kwa siku. Huyu nikienda naye shambani anafyonza utamu wa kahawa mbivu tu.”

Mdogo wangu akacheka. Akalijaribu jina langu mara mbili, kwa sauti nzuri kuliko yangu.

“Hivyohivyo,” mama akamwambia. Akamshika mkono, wakatoka, akaurudisha mlango taratibu nyuma yao.