Kaseti Niliyoipeleka Nizwa

Naikumbuka Nizwa, mwanangu, na sipendi kuikumbuka. Lakini umekuja kuniaga, wiki ijayo unapanda ndege, na nimekiona mkobani mwako kile kifurushi ambacho mama mmoja wa Mambrui anampelekea mwanawe huko uendako. Kwa hivyo kaa. Chai ikipoa nitakupashia.

Nilikuwa mke wa mwaka mmoja. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva Maskati, akanitumia tikiti nikamtembelee. Siku ya kuondoka, bibi yangu aliyenilea hapa Shella, Malindi, akanitia kaseti mkononi, imefungwa kwa leso. Ilikuwa ya kumpelekea kaka yake, Babu Nassor, aliyehamia Nizwa tangu ujana wake. Bibi hakujua kuandika, na kaka yake alikuwa haoni tena, basi bibi alikwenda kwa jirani akajirekodi.

"Namuomba radhi kabla sijafa," akanambia. "Neno lenyewe ni letu sisi wawili, usilisikize. Mkabidhi mkononi, kisha uniletee jawabu."

Nikaitia sandukuni katikati ya nguo zangu mpya, nikaisahau.

Nizwa ni mji wa kale wa Omani, uko ndani kabisa, mbali na bahari. Mnapita milima mitupu isiyo na hata jani, unashikwa na kiu kwa kuitazama tu, kisha ghafla mitende, ngome kubwa ya mviringo, na maji. Maji matamu, mwanangu, yanakwenda mbio kwenye mifereji ya mawe katikati ya jangwa, na sisi huku Shella tulikuwa tukiteka maji ya chumvi kisimani! Nikasema lazima mashoga zangu wayasikie haya, la sivyo wataniita muongo. Mume wangu alikuwa na redio ya kurekodi. Kaseti yetu ilijaa taarabu, na taarabu yangu sikuwa tayari kuifuta. Nikakumbuka ile ya bibi. Nikajiambia, bibi amesema upande mmoja tu, huu wa pili ni mtupu, kuna ubaya gani? Nikakaa ukingoni mwa mfereji nikarekodi maji, na wauza mbuzi wakipiga kelele, na mimi mwenyewe nikicheka.

Alasiri tukaenda kwa Babu Nassor. Alikuwa ameketi mkekani, kanzu safi, ndevu zimechanwa, kwa kuwa aliambiwa anakuja mgeni kutoka Malindi. Alinishika uso kwa mikono miwili, akauliza kama dada yake bado hukohoa akicheka. Kisha tukaiweka kaseti.

"Kaka yangu Nassor, ni mimi dada yako. Nataka kukwambia..."

Halafu maji. Maji, mbuzi, na kicheko changu. Upande niliorekodi ulikuwa ule ule wa bibi.

Mzee akangoja. Alidhani dada yake atarudi maji yakiisha. Tulisikiliza mpaka mwisho, yeye ameinamisha kichwa, mimi natamani ardhi inimeze.

"Haya ni maji ya hapa," akasema mwishowe. "Nayajua." Hakunigombeza. "Mwambie aseme tena, mjukuu wangu. Lolote alilosema, mimi nangoja."

Laiti ningeyafikisha maneno hayo. Niliporudi baada ya mwezi, bibi alikuwa mlangoni tangu asubuhi.

"Aliisikiza yote?"

"Yote, bibi." Niliona haya, mwanangu. Haya tu.

"Akasemaje?"

"Anakusalimu sana."

"Basi?"

"Basi."

Alinitazama kidogo, akaikunja leso yake. "Ana haki," akasema, akaingia ndani.

Unaelewa nilichofanya? Bibi aliamini kwamba kaka yake amemsikia akiomba radhi, akamnyima. Kila siku nilisema kesho nitamwambia kweli. Alifariki kabla ya Ramadhani, na jina la kaka yake hakulitaja tena. Huko Nizwa nako, mume wangu aliniandikia kwamba yule mzee humuuliza kila atokaye Malindi, "Hamkuniletea?" Naye akafa akingoja. Mpaka leo sijui bibi alimkosea nini.

Sikwambii usikosee. Utakosea. Msafiri hupumbazwa na vitu vizuri, na mimi si wa kukulaumu. Ninalokwambia ni kwamba amana ya mtu usiiguse, hata pale unapodhani ni patupu. Na ukiiharibu, sema siku ile ile, kwa mdomo wako, hata ukigombezwa mbele za watu. Kaseti ilipoharibika, bibi alipotewa na maneno ambayo angeweza kuyasema tena. Nilipomdanganya, nilimpotezea kaka yake.

Haya, imalize chai yako. Nenda salama, Mungu akufungulie njia, akurudishe kwetu na uso mkunjufu. Na akupe ulimi wa kusema "nimeharibu" wakati watu wa kukusikia bado wako hai.