Vidonge vya Majirani

Mwanangu, kuna siku za Kawangware ambazo sijazisahau, na nikizitaja hata leo najisikia kupiga vigelegele.

Mdogo wangu Atieno alikuwa na homa na maumivu ya mkojo, yanapoa, yanarudi. Nikatoka kwangu mtaa wa Kianda kwenda kumuuguza kwake Kawangware. Wewe umezaliwa ploti, vyumba vya kupanga vya ua mmoja, desturi yetu unaijua: mtu akiugua, kila mlango huleta dawa iliyobaki. Huyu vidonge vya kifua vya mtoto wake, yule kapsuli za rangi mbili alizoziacha alipopata nafuu. Atieno alikuwa akimeza zote, maana kukataa ni kumdharau jirani.

Wakati huo kliniki ya mtaa ilikuwa na watafiti wa hapa Nairobi na wenzao wa Uganda na Uskoti. Walitaka kujua kwa nini antibiotiki zimeanza kushindwa. Wakachukua mkojo wa Atieno wakaupime maabara, waone ni dawa gani bado inaweza kuua vijidudu vyake. Daktari akasema anaweza kungoja majibu, ila asimeze dawa ya kubahatisha.

Jioni Mama Brayo wa mlango wa pili akaja na kapsuli kwenye karatasi. Nikamzuia mlangoni.

"Auntie, hizi zilinisaidia. Ama unataka huyu akufe tukiangalia?"

"Asante Mama Brayo, lakini leo hapana. Tunangoja majibu."

"Sawa. Akizidiwa usiniite."

Niliogopa, mwanangu. Ploti nzima ilininunia, na Atieno mwenyewe akageukia ukuta. Nikajiuliza kama namuua mdogo wangu kwa kuwasikiliza wageni.

Majibu yakaja. Kapsuli zile hazikuwa na nguvu tena kwake. Dawa nyingine ndiyo iliyofaa. Akaianza, homa ikashuka, akamaliza dozi yote. Asubuhi moja akatoka na beseni lake la samaki wa kuuza akiimba, akapita katikati ya ploti, mimi nyuma yake na vigelegele. Unajua nani alikuja kuniuliza?

"Auntie, hao watu wa mkojo bado wako? Nataka kumpeleka Brayo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku hizi ploti ile mtu akiugua, majirani huleta uji.

Basi sikia. Mpende jirani kwa uji na kwa kumsindikiza kliniki, si kwa dawa uliyobakisha. Pimwa kwanza, meza ulichoandikiwa, umalize hata ukijisikia mzima. Na wanaotafuta majibu pamoja na watu wetu, wafungulie mlango.

Mungu akupe afya na majirani wema, na siku ukiugua, ugonjwa wako usikie dawa.