Mshauri Mwanafunzi na Mzee Aliyeacha Kula

Mdogo wangu ni msusi wa nywele anayesomea ushauri nasaha, na tangu aanze masomo hayo nyumbani tunamwita Daktari wa Maneno. Jina hilo nililianzisha mimi, kwa kejeli. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kitu kikivunjika nakiunganisha mchana huohuo, na kazi ya kukaa na mtu saa nzima bila kumwambia la kufanya ilinitia wazimu kuifikiria tu.

Kusikiliza alijifunzia saluni. Mtu akishakupa kisogo, huniambia, anasema yale asiyoweza kumwambia mumewe. Wateja walikuwa wakimaliza kusukwa na bado hawainuki. Ndipo akajiandikisha chuo cha jioni. Jumamosi anafanya mazoezi ya ushauri katika kituo kimoja cha afya, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Humo ana viti viwili, na amevipanga upande upande, visitazamane, ili mgeni wake apate pa kutupia macho. Neno "jikaze" kwake ni marufuku.

"Mtu amekuja kwa sababu amechoka kujikaza, Kaka," alinijibu siku moja nilipomtania.

Akipumzika hufungulia mpira redioni, ingawa hajui hata kuotea ni nini. Anasema anapenda kumsikia mtu anayetaja kile tu anachokiona. Pia ana miche ya nyanya aliyoipanda kwenye makopo matupu ya rangi, ambayo anaisemesha kuliko anavyonisemesha mimi.

Mama alifariki mwaka jana, ghafla, mchana wa siku ya kazi. Sote wawili tulifika ameshakata roho. Baba, fundi cherehani mstaafu, alizika, akapokea rambirambi, akawashukuru watu kwa adabu zake zote. Miezi ikapita. Kisha akaanza kusukuma sahani pembeni, kidogo kidogo, mpaka suruali alizojishonea mwenyewe zikawa zinamvuka. Hospitali walipima kila kitu, ugonjwa hawakuuona. Daktari hakuzunguka: asipokula, hamtakuwa naye muda mrefu.

Shangazi, dada yake Baba, akamjia juu mdogo wangu.

"Kazi yako kusikiliza wa watu tu? Huyu aliyekuzaa utamsikiliza lini?"

"Shangazi, hairuhusiwi. Mtu hamtibu wa kwake. Nimemtafutia mwenzangu, mama mtu mzima, anaijua kazi."

Baba akakataa katakata. "Mtaalamu namtaka," alisema, "lakini si wa nje. Ninaye humu ndani."

Mdogo wangu akakubali shingo upande. Alikosea, na alijua anakosea, ila baba yake alikuwa anaisha mbele ya macho yake. Jioni ile aliingia chumbani kwa Baba na blauzi yake ya Jumamosi, akapanga viti viwili upande upande, Baba akaketi kimoja, yeye kingine. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya wali, sijui niingie au nirudi jikoni.

"Ungependa tuanzie wapi?" akauliza, kwa sauti ya kazini.

Baba akamjibu kwa heshima ileile aliyokuwa akiwapa wateja wake. "Nashukuru, bibie. Tuanzie siku ile."

Baba kumwita binti yake bibie! Nilitaka kucheka, ila mzee hakuwa anatania.

"Mke wangu aliniambia, waite watoto. Akarudia. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nikamwambia lala kwanza, watakuja jioni. Niliogopa kwamba nikiwaita, atajua kweli anakwenda. Akalala. Hakuamka tena."

Pale ndipo mshauri hutakiwa kunyamaza, na mdogo wangu alijaribu. Niliona vidole vyake vimeng'ang'ania ukingo wa kiti. Mimi nilitamani kuitupa ile sahani ukutani. Karakana yangu iko ng'ambo ya barabara tu. Baba angepaza sauti tu ningemsikia. Hasira na uchungu vilinipanda pamoja, nisijue kipi ni kipi.

"Baba," akasema hatimaye, na ile sauti ya kazini haikuwepo tena. "Nilikuwa nasuka mtaa wa pili."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nikataka mtaalamu. Mtaalamu ningeweza kumwambia. Wewe kama mwanangu nisingeweza, na nilitaka mjue."

"Basi umeshaniambia mimi."

Akaangua kilio. Alilia kama tulivyolia makaburini, bila kujificha, na Baba akageuka kumtazama.

"Mtanisamehe?"

Nilisubiri aseme ndiyo. Kwa hali aliyokuwa nayo mzee, mtu yeyote angesema ndiyo, hata ya uongo. Mimi mwenyewe ilikuwa imeshanifika mdomoni. Mdogo wangu akainuka, akaichukua sahani mikononi mwangu, akarudi kuketi ukingoni mwa kitanda, kando ya kiti cha Baba, na kumwekea magotini.

"Leo siwezi, Baba," akasema. "Lakini kula."

Baba akashika kijiko.