Kibao cha Kushoto

Mtu huyu walimwita Springi kwa sababu hajui kukaa kitako. Jina alilipata kwenye ukumbi wa michezo alikofanya kazi miaka na miaka, fundi wa meza za pinboli: zile meza zenye kioo juu, gololi ya chuma inarushwa ndani, inagongagonga huku na huku, na mchezaji ana vibao viwili tu vya kuizuia isidumbukie shimoni, kimoja kushoto, kimoja kulia. Ukumbi ulishafungwa. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kushoto, akalala, akainuka, akajifunza upya kutembea, na ukimuuliza habari za mkono atakwambia umerudi kama zamani. Umerudi, bwana, basi, tusisumbuane.

Juma hilo roho yake ilikuwa juu kuliko kawaida. Mwenye hoteli mmoja alikuwa amenunua meza kuukuu, na fundi aliyemtaka wa kuzifufua ni yeye, kuanzia Jumatatu. Springi alikubali kabla mwenzake hajamaliza kusema. Mkewe alisikia, akaendelea kukunja nguo. Wote wawili walijua kwamba meza hizo hupimwa zikiwa wazi, umeme ukipita ndani, na mkono unaochelewa kujitoa unaweza kumuua mwenyewe.

Ili kunyoosha vidole, akamwomba bintiye amwekee pinboli kwenye kompyuta. Binti akamwekea michezo miwili ya watengenezaji tofauti, na hapo ndipo amani ilipohama nyumba ile.

Mchezo wa kwanza ulikuwa rangi tupu na makelele. Gololi yake ilielea. "Chuma gani kinashuka kwa adabu namna hii?" Springi aliuliza. "Kinaomba ruhusa?" Akashinda, akashinda tena, na kila akishinda aliudharau zaidi. Mchezo unaokupa ushindi hata ukipiga chafya, wa kazi gani?

Wa pili ulikuwa kitu kingine kabisa. Gololi ilikuwa na uzito. Ikigonga raba za pembeni ilirudi inajizungusha. Ukiitikisa meza kupita kiasi, taa zilizimika na vibao vikagoma, kama meza ya kweli inavyokununia. "Aliyetengeneza huu amewahi kulala chini ya meza," Springi alisema, na kwake hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Alifurahi karibu atoe machozi. Ila alishindwa. Alishindwa asubuhi, akashindwa baada ya kula, anainuka, anafungua dirisha, analifunga, anarudi kushindwa. Na gololi ilipita upande uleule, kila mara.

"Kibao cha kushoto kibovu," akatangaza. "Cha kulia ukigusa tu kimeruka. Cha kushoto kinafikiria kwanza."

"Huo ndio ugumu wake, baba," binti akasema. "Naweza kuulegeza. Kuna mahali pa kupunguza mteremko wa meza, gololi ishuke polepole."

"Ugumu na ubovu ni vitu viwili. Meza ngumu inakuonea, sawa, lakini inakuonea pande zote. Waandikie hao watu. Waambie fundi amesema."

"Wataniuliza fundi amepima vipi."

Hapo binti alimgusa penyewe. Kupima ndiyo ilikuwa kazi yake. Kibao kikilegea, fundi hakisii, anabadilisha pande: ile sumaku ya waya inayokirusha kibao, ya kushoto inahamia kulia, ya kulia inahamia kushoto. Ubovu ukihama nayo, umemkamata mwizi. Ukibaki palepale, katafute kwenye nyaya. Sasa kwenye kompyuta hakuna cha kuchomoa ila mikono. Springi akaipishanisha msalaba juu ya vitufe, wa kulia ukashika kushoto na wa kushoto ukashika kulia, akajicheka mwenyewe kwa mkao ule. "Tazama," akasema. "Kushoto patachelewa vilevile."

Gololi ikashuka kushoto. Kibao kikaruka papo hapo, ikapaa. Ikashuka kulia. Kibao kikafikiria kwanza, gololi ikadumbukia. Akarudia. Akarudia tena, na binti akaacha kutazama kioo, akawa anamtazama baba yake. Ubovu ulikuwa umehama na mkono.

Springi hakuiondoa mikono. Kwa kweli aliogopa, aliogopa kuliko siku ile alipoamka hospitali.

"Mikono ikipishana mtu yeyote anachanganyikiwa, baba, ni mazoea tu," binti akajaribu.

"Usinidanganye kwenye kazi yangu, mwanangu." Aliyasema taratibu. Kisha akamgeukia mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na nguo mkononi. "Ulijua?"

"Vikombe vinavyovunjika humu ndani," mkewe akajibu, "nawaambia watu nimevunja mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaacha kuamka asubuhi."

Hasira ilimpanda Springi, ikakosa wa kumshukia. Binti akapeleka mkono kwenye kompyuta apunguze ule mteremko. "Acha kama ulivyo," Springi akamwambia. "Huo mchezo ndio uliosema kweli humu ndani." Akachukua simu, akazunguka sebule nayo, akapiga moyo konde, akampigia mwenye hoteli.

"Bosi, Jumatatu nakuja. Lakini mkono wangu wa kushoto unachelewa, siwezi kuuingiza kwenye umeme. Nitafutie mtu wa kuingiza mkono, mimi nitamwambia pa kugusa. Kama haikufai, niambie sasa hivi, usinizungushe."

Mwenye hoteli akasema atafikiria, atapiga. Springi akaiweka simu mezani, akabaki amesimama, anaitazama. Mkewe akaja, akaushika ule mkono wa kushoto. Tangu augue, hakuna aliyeruhusiwa kuushika. Safari hii aliuacha ushikwe.