Nilimwambia Akubali

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa mjumbe wa baraza la kata hapa Mikumi, na kama kuna kitu nilichokiamini kuliko dawa ya hospitali, ni mtu kukubali kosa lake. Kila Alhamisi tunakaa ofisini kwa mtendaji, kwenye mabenchi yaliyopinda, tunasikiliza. Ng'ombe wameingia kwenye mahindi ya fulani. Mke mwenza kamtukana mwenzake bombani. Anayekana anatusumbua hadi adhuhuri. Anayekubali anasimama, anasema nimekosa, naomba radhi, na mlalamikaji anaambiwa amjibu. Ni nadra asamehe kwa moyo wote, lakini mkono anautoa, na watu wanarudi makwao. Mimi ndiye niliyekuwa nawakatiza wanaojieleza sana. "Kubali, mama, yaishe," nawaambia. "Tuna shughuli zetu."

Naeleza haya si kwa kujisifu. Nataka ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani siku mdogo wangu alipokamatwa.

Yeye ni wa mwisho kwetu, mimi wa kwanza. Mama alipofariki alikuwa darasa la pili, nikamtoa Masanze nikaja naye hapa barabarani, nikamlea pamoja na wanangu. Nilimchapa, nilimnunulia viatu, hata mke nilimtafutia mimi. Kazi yake ilikuwa kuziba pancha za malori, na alikuwa na banda lake pale madereva wanapoegesha. Ana watoto wawili na mvi zimeanza kumtoka, lakini kwangu hakuwahi kukua. Tena ana domo. Siasa anaijadili kama mpira, mchana kutwa, na kila dereva anayesubiri tairi.

Kwa hiyo vijana walipofunga barabara baada ya uchaguzi, wakachoma matairi na kuvunja vioo vya ofisi ya kata, ofisi yetu hiyohiyo ya baraza, sikushangaa kusikia naye amechukuliwa. Nilikasirika tu. Nilisema, domo lake hilo, leo limemfikisha.

Walipelekwa Kilosa, watu kumi na mmoja. Siku ya tatu nikaruhusiwa kumpelekea chakula kituoni. Askari wa zamu alitaka nionje kwanza, kama ilivyo kawaida, nikala kijiko cha wali mbele yake ndipo mdogo wangu akaitwa. Tulipewa dakika chache pale kaunta, bakuli likiwa katikati yetu. Alikuwa hajaoga na shati limemganda mgongoni. Akaniamkia, nikaitika. Kisha akaanza, "Dada, siku ile mimi..."

Nikamkatiza. Yako mambo mengi ya siku ile nimeyasahau, ila hilo nalikumbuka hadi mkono wangu ulivyoinuka kumnyamazisha.

"Usinieleze," nikasema. "Kesho kutwa mnapelekwa mahakamani. Wakikusomea shtaka, ukubali. Usijitetee, usimtaje mtu. Useme ni kweli nilirusha mawe, nilifuata mkumbo, naomba radhi kwa serikali na kwa wananchi. Hujawahi kufungwa, una watoto. Watakuonya wakuachie."

"Nikubali?"

"Ukubali, yaishe, urudi nyumbani."

Akala wali wote. Nilipokuwa nafunga bakuli nikamwambia ayarudie yale maneno nisikie. Akayarudia bila kukosea, kama alivyokuwa akinisomea jedwali la kuzidisha zamani.

Mahakamani jina lake lilisomwa la kwanza. Hakimu alikuwa mtu mpole, wala sina neno naye. Alimuuliza mara mbili kama anaelewa maana ya kukubali. Mara ya pili mdogo wangu aligeuka akanitafuta kwenye mabenchi ya nyuma. Nikamwitikia kwa kichwa. Akageukia mbele, akasema yote, neno kwa neno, kwa sauti safi. Nilijisikia fahari, Mungu anisamehe. Niliona nimelea.

Wawili waliosimama baada yake, vijana wa hapahapa, walipoona mwenzao amesikilizwa vizuri nao wakakubali. Wanane waliobaki walikana. Niliwaonea huruma. Nilimnong'oneza wifi yangu kwamba hao watasumbuka sana.

Mwendesha mashtaka akasoma maelezo, akaomba adhabu iwe fundisho kwa wengine. Mdogo wangu akaulizwa kama ana la kusema. Akaomba radhi tena, maana sikuwa nimempa maneno mengine. Kisha ikasomwa miaka mitano, kwake na kwa wale wawili. Mimi nilikaa nikingoja. Nilidhani bado kuna sehemu inayofuata, ile ya kupeana mikono. Hakimu aliondoka, watu wakatoka, wifi akawa analia nje, na mimi bado nimekaa hadi karani akaja kuniambia, mama, tumemaliza, tunafunga mlango.

Wale wanane walirudishwa rumande. Kesi yao ikapigwa kalenda mara hii na mara ile, upelelezi haujakamilika, na baada ya miezi kadhaa mashtaka yakafutwa. Walirudi Mikumi kwa basi moja. Mmoja wao anauza vitunguu kwa abiria, hatua chache kutoka ninapopikia chapati. Kila asubuhi ananiamkia kwa heshima zote, "Shikamoo mama," nami naitika marahaba, kisha natafuta pa kutazama. Hajanikosea lolote. Namchukia kwa kuwa yuko nje, na najua ni chuki ya kijinga, lakini ndiyo niliyonayo.

Wifi hanilaumu kwa maneno. Ameacha tu kuniomba ushauri. Juzijuzi alimhamisha mtoto shule na mimi nikasikia kwa jirani.

Nilitafuta wakili Kilosa, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alipata nakala ya mwenendo wa kesi, akanisomea mezani kwake. Ni kweli nilirusha mawe. Nilifuata mkumbo. Naomba radhi kwa serikali na kwa wananchi. Yalikuwa yamepigwa chapa, yana muhuri. Katika maisha yangu sijawahi kuona maneno yangu yameandikwa mahali, na hapo yalikuwepo, chini ya jina la mdogo wangu.

"Shida ni hii, mama," wakili akasema. "Aliyekiri mwenyewe hawezi kupinga kutiwa hatiani. Anaweza kulalamikia ukubwa wa adhabu, basi. Labda tuonyeshe kwamba hakuelewa, au alilazimishwa. Alipigwa?"

"Hapana."

"Alitishwa? Kuna aliyemwahidi kwamba akikubali ataachiwa?"

"Yupo," nikasema.

Akachukua kalamu haraka. "Askari gani?"

"Mimi."

Akaniangalia, kisha akaiweka kalamu chini taratibu. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa habari, kwamba askari akimdanganya mtuhumiwa akakubali, hapo pana pa kushika. Ndugu akimshauri, hapana kitu, kwa sababu kila mtu ana ndugu na kila ndugu anashauri. Nilikaa pale nikitamani, astaghfirullah, kwamba mdogo wangu angekuwa amepigwa. Ningekuwa na cha kupeleka.

"Kwani alirusha kweli?" akaniuliza, akikunja faili.

Nikafungua mdomo kumjibu, nikaona sijui. Barazani hata mwizi wa kuku tunamuuliza ilikuwaje kabla hatujamwambia aombe radhi. Wangu wa damu sikumuuliza. Nilichukua domo lake, nikachukua majirani aliokuwa akikaa nao, nikamhukumu njiani kabla basi halijafika Kilosa.

Jumapili iliyofuata nikaenda gerezani. Wageni wengine walikuwa wanazungumza kwa kelele, kila mtu na wake, kuna wavu kati yetu na wafungwa. Amekonda, lakini si sana. Akanisalimu, "Shikamoo dada," nikaitika. Akauliza habari za watoto, nikampa. Akasema wale wawili waliomfuata kukubali siku hizi hawasemi naye, mmoja kahama hadi upande wa kulala. Kisha akauliza rufaa imefikia wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba wakili haoni njia, labda kupunguziwa, na hata huko asitegemee. Akakubali kwa kichwa. Hakusema neno baya. Laiti angenitukana.

"Nataka kukuuliza kitu," nikamwambia. "Siku ile, mawe ulirusha?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Sikurusha, dada. Nilikuwa naingiza kompresa ndani wasije wakaibeba."

"Mbona ulikubali?"

"Si ulisema nikubali."

"Nilisema kwa kuwa nilidhani umefanya."

Nyuma yake askari magereza alikuwa ameanza kuwaambia watu wainuke. Mdogo wangu aliegemea wavu, na usoni hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao tu, ule wa mtu anayejua sasa hivi jambo ambalo wenzake walilijua siku zote.

"Mimi nilidhani unajua sikufanya," akasema. "Nilidhani unajua, na ndiyo hiyo njia uliyoiona ya kunitoa."