Caritas Anaomba Mkalimani

Nataka kukusimulia habari za Caritas, na nitaanza na kazi yake, kwa sababu usipoielewa kazi yake hutauelewa ugonjwa wake.

Caritas ni mama wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Uvira, kule Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Alifika kambi ya Kakuma na mumewe Magloire na watoto wawili, na wengine wawili akawazalia hapahapa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mkalimani katika ofisi moja inayosikiliza wageni wapya. Mgeni anaketishwa mbele ya meza, afisa anauliza kwa Kiingereza, mgeni anajibu kwa Kifuliiru au Kirundi au Kiswahili cha kwao, na katikati yao yupo Caritas.

Sasa, kazi hiyo ina sheria yake. Mkalimani hasemi, "Huyu mama anasema alikimbia." Anasema, "Nilikimbia." Mgeni akisema nyumba yangu ilichomwa, mkalimani naye anasema nyumba yangu ilichomwa. Haongezi, hapunguzi, halii. Caritas aliimudu sheria hiyo mpaka maafisa wakawa wanamgombania. Asubuhi moja tu angeweza kuwa mjane, kisha baba wa watoto sita, kisha kijana aliyetoroka jeshini, kisha bibi kizee asiyejua mwaka aliozaliwa. Ikifika saa saba anafunga mkoba, anarudi nyumbani, anasonga bukari, ule ugali wa kwao, anawauliza watoto habari za shule. Nani angejua?

Kuacha alishajaribu, usidhani hakujaribu. Mara mbili. Mara ya kwanza aliingia kwa mkuu wa ofisi amejipanga vizuri, kila neno lipo mahali pake. Mkuu akaanza kuzungumza: wageni ni wengi, wakalimani wachache, sijui tutafanyaje. Caritas akasikiliza kwa yale masikio yake ya kazini, na alipofungua mdomo, yakatoka maneno ya mkuu. "Kweli, wageni ni wengi," akasema. Akatoka ametia saini miaka miwili mingine. Mara ya pili ikawa hivyohivyo, tena siku hiyo alikubali hadi zamu ya Jumamosi.

Mwaka jana sauti ikaanza kumtoroka. Yuko katikati ya sentensi, sauti inakatika, anabaki anachezesha midomo. Mikono nayo ikashika mtetemo. Kanisani, ambako Magloire anapiga kinanda, alisimama na kwaya bila kuimba. Nyumbani akawa mpole kupita kiasi.

"Mama Daniella," Magloire akamwambia, akimtaja kwa jina la binti yao mkubwa, "hata kunigombeza umeacha. Miezi mitatu hujaniita mvivu. Sasa mimi naogopa."

"Wewe si mvivu."

"Unaona? Wewe ni mgonjwa kabisa."

Wakati huohuo ofisi ikamletea karatasi mpya: awe mkuu wa wakalimani wote. Wakampa wiki tatu za kufikiri, ajibu siku ya Ijumaa. Na zahanati ya kambi, ikidhani koo lake lina kitu, ikamwandikia barua ya kwenda hospitali ya Lodwar. Akafuatilia karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, akaipata, akaenda.

Kwenye benchi la hospitali alikaa karibu na mama mmoja Mturkana, Asekon, mchuuzi wa samaki kutoka Kerio, shanga zimemjaa shingoni mpaka kidevuni.

"Ejoka?" Asekon akamsalimu.

"Ejok," Caritas akajibu, kwa sauti ya mkwaruzo.

"Wewe iko na ugonjwa gani?"

"Sauti inapotea, mama."

"Inapotea inaenda wapi?" Asekon akacheka. "Mimi naomba hiyo ugonjwa ishike mzee yangu. Yeye anaongea tangu tuoane, hata kikohozi haijamzuia."

Benchi zima likacheka, na Caritas akacheka pia, kicheko kisicho na sauti, mabega yakitikisika tu. Baadaye alisema ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Krismasi.

Akaitwa ndani. Tabibu alikuwa Kiplagat, mtu wa makamo, mpole, aliyevaa miwani yenye mguu mmoja uliofungwa kwa plasta. Akamulika koo kushoto, akamulika kulia, akamwambia aseme aaa.

"Koo lako ni safi, mama," akasema akizima tochi. "Sasa niambie mwenyewe. Unaumwa nini?"

Caritas akanyoosha mgongo. Akaweka mikono juu ya magoti, mmoja juu ya mwingine, kama alivyozoea. Na sauti ikaja, nzima, laini, bila mkwaruzo.

"Silali," akasema. "Nikifumba macho nauona ule mto. Nilifika mtoni na watoto watatu. Nilivuka na mmoja."

Kiplagat akaacha kuandika.

"Pole sana, mama. Na huyo aliyebaki yuko wapi?"

"Nani?"

"Mtoto uliyevuka naye."

"Watoto wangu ni wanne," Caritas akasema. "Wote wapo Kakuma. Mdogo ana mtihani kesho."

Nje mtu alikuwa anaita jina la mgonjwa mwingine, na Caritas akashtuka kwa aliyoyasema. Maana hakuwahi kuvuka mto wowote na watoto watatu. Yeye na Magloire walikuja kwa basi, siku nyingi na vumbi jingi, lakini kwa basi.

"Si yangu hiyo," akasema taratibu. "Mimi ni mkalimani. Hiyo ni ya mtu."

"Ya nani?"

Akatafuta uso, hakuupata. Alikumbuka kila neno na mahali ambapo yule mtu alinyamaza kabla ya kusema "mmoja". Lakini alikuwa mama au baba, wa mwaka gani, hakujua. Maneno yalikuwa yamebaki ndani yake yakiwa na "mimi" kichwani, na mwenye maneno alishaondoka.

Kiplagat akavua miwani. "Sawa. Basi tuiache ya huyo mtu, ilindwe huko iliko. Wewe je?"

Hapo sasa sauti ikakwama. Mwishowe Caritas akasema, kwa ule mkwaruzo wake:

"Mimi naumwa mabega."

"Haya. Mabega. Na nini kingine?"

"Na nimechoka kusema."

Kiplagat akaandika yote mawili, mabega na kuchoka, kana kwamba ni magonjwa yenye uzito sawa na malaria. Akampa barua ya mapumziko ya wiki mbili, na tarehe ya kumwona mshauri anayekuja Kakuma kila Jumanne. "Na wiki hizi mbili," akasema, "usimsemee mtu. Hata jirani akikuomba umwambie muuza nyanya apunguze bei, mwache apatane mwenyewe."

Ukitaka kujua ugumu wa sharti hilo, kaa nyumbani kwa Caritas siku moja. Siku ya kwanza tu walikuja watatu wakitaka wasomewe barua. Magloire alisimama mlangoni kama askari. "Mkalimani amefungwa," akawa anawaambia. "Mje na lugha zenu."

Siku ya nne akaja Alek. Huyu ni mama kutoka Sudan Kusini, jirani yao wa nyuma, mshonaji wa sare za shule, na hakuja kutafuta mkalimani. Alikuja kulia.

"Cherehani yangu imekufa," akasema. "Uzi inajikusanya chini kama kiota ya ndege. Fundi ya sokoni amefungua mara tatu, mara tatu amefunga, anasema ninunue mpya. Mpya nitatoa wapi, dada?"

Caritas aliingia nyumbani kwa Alek, akaketi mbele ya ile cherehani ya miguu, akafumba macho, akaanza kukanyaga. Tak-tak-tak. Tak-tak-ta. Tak-tak-tak. Akarudia.

Hapa inabidi nikwambie jambo ambalo hata watoto wake hawakulijua. Baba yake Caritas alikuwa fundi wa cherehani Uvira. Alikuwa akimketisha binti yake kwenye kigoda, miaka kumi na miwili tu, anamfumba macho kwa kitambaa na kumwambia asikilize, aseme mashine inachechemea mguu gani. Masikio ambayo baadaye yalisikia vilio vya watu elfu, kazi yao ya kwanza ilikuwa kusikiliza vyuma.

"Ile ndoana ya chini inachelewa," Caritas akasema, bado amefumba macho. "Sindano inashuka na uzi, ndoana inakuja nyuma yake kama mtu aliyeachwa na basi. Una bisibisi?"

Ilimchukua mchana mzima. Alek akaenda kuchota maji, akarudi, akapika, akarudi tena. Caritas alilegeza skrubu, akasogeza ndoana unene wa ukucha, akakaza, akasikiliza. Akakosea, akaanza upya. Saa kumi jioni cherehani ikatoa mlio mmoja ulionyooka, na mshono ukatoka kama mstari wa daftari. Alek akapiga kigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia.

Lakini Caritas alikuwa anaitazama mikono yake. Ilikuwa myeusi kwa mafuta, na haikutetemeka.

Mpaka wiki ya pili inakwisha alikuwa ametengeneza cherehani nne, na ya tano ikiwa imeletwa kwa toroli kutoka Kalobeyei. Magloire akalitazama toroli, akamtazama mkewe.

"Kazi ya ofisi unaacha kwa ajili ya grisi?"

"Nafikiri."

"Watu watasema bibi ya Magloire amekuwa fundi. Magloire naye amekuwa nini?"

"Mpishi," Caritas akasema. "Tena anza leo, mvivu wewe."

Magloire akanyanyua mikono juu. "Asante Yesu!" akapiga kelele. "Ameniita mvivu!"

Ikabaki Ijumaa. Kuamua alikuwa ameamua. Hofu yake ilikuwa ile meza. Aliujua mdomo wake: ungeingia pale ukiwa wake, ukatoka ukiwa wa mkuu. Usiku wa Alhamisi Magloire alijifanya mkuu wa ofisi ili wafanye mazoezi, na mara tatu Caritas akajikuta anasema, "Kweli, wageni ni wengi."

Asubuhi akapitia kwa Nyadak. Nyadak ni mkalimani mwenzake wa Kinuer na Kiarabu cha Juba, ila Kiswahili anakijua vizuri, wamekula chakula cha mchana pamoja miaka tisa. Akamwomba jambo moja. Nyadak akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akachukua shuka yake na kumfuata.

Mkuu wa ofisi, si yule wa zamani bali mgeni mwenye miezi minne tu Kakuma, aliwakaribisha kwa furaha. Karatasi ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Caritas akaketi kwenye kiti cha wageni, kile ambacho kwa miaka kumi na minne hakuwahi kukikalia. Nyadak akaketi katikati.

"Leo naomba mkalimani," Caritas akasema kwa Kiswahili.

Nyadak akaisema kwa Kiingereza. Mkuu akatabasamu, akidhani ni mzaha. "Lakini Caritas, Kiingereza chako kinashinda changu!"

Caritas alielewa kila neno. Akangoja hata hivyo. Nyadak akamgeukia na kumwambia kwa Kiswahili, neno kwa neno, na Caritas akasikiliza kama mtu anayenyweshwa maji.

"Mimi naitwa Caritas," akaanza. "Nimefanya kazi hapa miaka kumi na minne. Naipenda ofisi hii. Sitatia saini."

Na Nyadak, akimtazama mkuu usoni, akasema: mimi naitwa Caritas. Mimi nimefanya kazi hapa miaka kumi na minne. Mimi. Caritas akayasikia maneno yake yakitoka kwa mdomo mwingine, yamesimama, hakuna aliyeyabadilisha. Kwa hiyo wale watu wote walikuwa wakisikia hivi, akawaza. Ndiyo maana wengine walikuwa wakinyoosha mgongo.

Mkuu akaegemea mbele. "Wageni ni wengi," akasema. "Na wakalimani…"

Nyadak akatafsiri. Yale maneno yalipita kwanza kwa Nyadak, na mpaka yanamfikia Caritas yalikuwa yamepungua nguvu, yamekuwa maneno ya mtu mmoja mwenye shida yake halali.

"Ni kweli," Caritas akasema. "Pole kwa hilo. Nitakuja Jumatatu mbili kuwafundisha wakalimani wapya namna ya kukaa kwenye kiti cha katikati, na namna ya kuondoka kwenye kiti kile, hilo la pili sisi hatukufundishwa. Baada ya hapo nina cherehani. Sirudi kabisa."

Nyadak akasema, sauti ikimlegea kidogo. Mkuu akaikunja karatasi na kuitia kwenye droo.

"Nyadak," Caritas akanong'ona.

"Nini?"

"Umeruka neno."

"Neno gani?"

"Kabisa. Nimesema sirudi kabisa."

Nyadak akajifuta jicho kwa ncha ya shuka, akamgeukia mkuu, na akalisema.

Caritas akasimama, akawaaga wote wawili kwa Kiingereza kizuri, akatoka. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Cherehani ya Kalobeyei ilikuwa inamngoja, na mwenye nayo alikuwa amesema ina mlio asiouelewa.