Tumbili Sita wa Nyakoe

Mama aliyewalea tumbili wale alitoka upande wa ziwa, akaolewa Nyakoe, kisha mumewe akafariki. Kazi ya kuwalisha wanyama ndiyo iliyombakiza kwetu. Bustani ya wanyama ilikuwa ndogo, ya mtu binafsi. Mimi ni daktari wa mifugo, mkono wangu umezoea ng'ombe wa Sironga. Niliitwa baada ya tumbili mmoja kufa akiwa amekonda, na nilipompasua nikakuta mapafu yamejaa vinundu.

Nilishuku kifua kikuu. Sita waliobaki niliwadunga dawa ya kipimo kwenye ngozi ya kope la jicho, tone dogo tu. Nikamweleza mama kwamba jicho likivimba kufikia siku ya tatu, huenda mnyama anaugua, na ugonjwa huo hupita kati ya mnyama na mtu. Nikampa barakoa.

Siku ya tatu niliwahi asubuhi. Watano walikuwa wamevimba, jicho limefumba kabisa. Mama nilimkuta ndani ya kizimba, hana barakoa, amempakata yule wa sita, jike mdogo, anamkanda jicho lililovimba kidogo kwa kitambaa cha maji baridi.

Nilimwomba amweke chini.

"Huyu hana kitu, daktari," alisema. "Tazama, uvimbe unashuka."

Kisha akakohoa, akainama, akakohoa tena. Nilimuuliza kikohozi kile kilimshika lini. Akasema tangu kabla ya mvua, kabla hata yule wa kwanza hajaanza kukonda. Alikuwa akiwatafunia ndizi walipokuwa wachanga, na mazoea hayo hakuyaacha.

Alimtazama yule jike mdogo.

"Basi ni mimi niliyewaua."

Nilitaka kumwambia hatuna hakika, na kweli hatukuwa nayo.

Kibali cha kuwaua kilipotoka, niliwalaza wote sita kwa sindano. Yeye ndiye aliyenishikia mmoja mmoja, maana mtu mwingine wangemwogopa. Baadaye nikampeleka hospitalini, na makohozi yakathibitisha kwamba ana kifua kikuu.

Alikunywa dawa miezi sita akapona, akarudi kwao. Alinipigia simu mara moja tu, akaniuliza kama wale tumbili wangeweza kupewa dawa zilezile.

Nilimwambia labda, lakini hatari ingekuwa kubwa mno.

Hakukata simu. Nilimsikia akipumua vizuri, bila kukohoa, mpaka mimi nikaikata.